Tambi za Kijiko

Wazazi wake walimpa jina la Ayubu wakitumaini atakuwa mtu wa subira, na hapo ndipo walipopotea njia. Tie Ayubu hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka chai ikapoa. Akisimama, mguu mmoja unapigapiga sakafu. Akikaa, vidole vinakanda unga usiokuwepo. Tangu aanze kazi ya kuvuta tambi alikuwa amepita kwenye migahawa mingi sana ya mji wa Lanzhou, huko Uchina, hata wenye migahawa wakikutana msikitini siku ya Ijumaa walikuwa wakitaniana: "Yule mtoto wa Tie siku hizi yuko kwako au yuko kwangu?"

Nyuma ya mlango wa chumba chake kulikuwa na begi la kijani ambalo halikuwahi kutolewa vitu vyote. Alitoa shati, akavaa, akafua, akarudisha humo humo. Mkewe, Zulaiha, alikuwa amenunua kabati alipoolewa, na kabati hilo upande wa mume lilikuwa tupu.

Kila alipoacha kazi alikuwa na sababu. Mara mwenye mgahawa ana mdomo mchafu, mara supu yao maji matupu, mara jiko lina moshi unamuumiza macho. Zulaiha alizisikiliza zote, akazimeza zote. Lakini sasa alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na maneno yalikuwa yamemwishia.

"Safari hii sikubembelezi, Ayubu," alimwambia. "Ukiacha kazi kwa Mama Ha, mimi napanda basi naenda kwetu Linxia. Nitajifungulia kwa mama. Na usije ukanifuata na hilo begi lako."

"Nani kakwambia naacha?"

"Huo mguu wako. Tazama unavyocheza."

Ayubu aliutazama mguu wake, akaukanyaga kwa mguu wa pili.

Ukweli ambao hakuwahi kumwambia mkewe ulikuwa mmoja tu. Mteja wa Lanzhou hapokei tambi za kubahatisha. Anakuja dirishani kwa mvutaji, anamtazama usoni, anasema anavyozitaka: ukanda, kwa wanaopenda pana, jani, kwa wanaopenda bapa, uzi, kwa wanaopenda nyembamba. Ukanda, jani na uzi Ayubu alivivuta vizuri kuliko wengi. Lakini kuna wateja wachache, wagumu, wanaosema "nywele", yaani nyembamba kuliko zote. Na nywele, kila alipofika mkunjo wa mwisho, zilimkatikia mikononi. Siku mteja wa nywele alipotokea, siku hiyo hiyo Ayubu aligundua kwamba jiko lina moshi.

Mwingine angejifunza. Ayubu hakuweza, na sababu yake ilikuwa marehemu baba yake. Mzee Tie alikuwa mvutaji aliyetajwa mji mzima, na tangu Ayubu akiwa mtoto wa kubebwa watu walimshika viganja wakasema, "Huyu hafundishwi. Huyu ana damu ya Tie." Alipewa kidonge cha unga akakivuta, wakampigia makofi. Akakua hivyo, akilelewa na makofi hayo. Sasa mtu mwenye damu ya Tie ataonekanaje amesimama pembeni anafanya mazoezi, tena anakatakata? Si watasema damu imeharibika? Afadhali waseme ana miguu myepesi.

Kwa Mama Ha alikuwa amedumu kwa sababu dirishani alisimama Ersa, mvutaji mkuu, na yeye alikaa nyuma akikanda. Mama Ha alikuwa mjane mnene mwenye sauti ndogo, ambaye supu yake ya ng'ombe ilinukia mpaka ng'ambo ya barabara. Wiki ile Ersa aliaga. Anakwenda Xining kufungua mgahawa wake.

"Jumatatu unasimama dirishani wewe," Mama Ha akamwambia Ayubu.

"Bila wasiwasi, Mama."

"Wa kwanza atakuwa Babu Sha. Yule jogoo akiwika anamkuta ameshavaa viatu."

"Namjua."

"Na yeye anakula nywele tu."

"Nimesema bila wasiwasi, Mama!" Na mguu ukaanza.

Mchana, mgahawa ulipofungwa, Dada Bai alichukua mabaki ya unga akaenda kwenye meza ya nyuma. Dada Bai alikuwa mwosha bakuli, mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi, na alikuwa ameingiwa na hamu ya kujua kuvuta tambi. Kila siku baada ya kazi alivuta, unga ukakatika, akacheka peke yake, akayakusanya mapande, akakanda upya.

"Hee! Leo zimefika mpaka hapa kabla ya kukatika," alisema akipima kwa mkono. "Kaka Ayubu, hebu nionyeshe kiganja cha kushoto unakigeuzaje."

"Hakuna cha kuonyesha, Dada Bai. Mikono ya tambi mtu huzaliwa nayo."

"Basi mimi nilizaliwa na ya kuosha bakuli?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Na hata hizo bakuli nilianza kwa kuzivunja, muulize Mama Ha." Akacheka, akaupiga unga mezani, unga ukakatika tena.

Kicheko kile kilimkera Ayubu kuliko moshi wa majiko yote aliyoyakimbia. Mtu anashindwa mchana kweupe, mbele ya watu, halafu anafurahi! Akatoka nje bila kuaga.

Jumapili nzima alizunguka ukingoni mwa Mto Manjano akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Alikwenda mpaka darajani, akarudi, akaenda tena. Alijiambia kesho mikono itakubali, kwa sababu damu ni damu. Kisha akakumbuka zilivyokatika kwenye mgahawa wa mwisho, na wa kabla ya huo. Ndipo likamjia wazo la magadi.

Kila mvutaji hutia magadi kwenye unga, kidogo tu, ili unga ulainike na kuvutika. Ukizidisha, unga unakuwa mtiifu wa ajabu, unakwenda unakotaka hata kama hukuukanda vya kutosha wala hukuuacha ulale. Ubaya wake hauonekani mezani, unaonekana kwenye bakuli. Hakuna mvutaji asiyelijua hilo, na hakuna asiyewahi kushawishika.

Jumatatu kabla hakujapambazuka Ayubu aliuchanganya unga mwenyewe, na mkono wake ukawa mzito kwenye maji ya magadi. Mlango ukafunguliwa, mvuke ukajaa, na Babu Sha akawa wa kwanza kama Mama Ha alivyosema. Alikuwa mzee mkavu, dereva wa treni mstaafu, amevaa kofia nyeupe ya sala na koti la kazi alilokataa kulivua hata baada ya kustaafu.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye Tie mdogo?"

"Waaleikum salaam, Babu. Ndiye."

"Nywele."

Ayubu akakata donge, akalivuta, akalikunja, akalivuta tena. Unga ukaenda. Mkunjo wa mwisho, ule uliomfukuza mji mzima, ukapita laini bila kung'ang'ania, na tambi zikatanda kati ya mikono yake miwili, nyembamba mpaka mwanga wa taa ukapita katikati yake. Foleni ikaguna kwa raha. "Tie huyo! Damu haidanganyi!" mmoja akasema. Ayubu akazirusha kwenye maji yanayochemka, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni miguu yake yote miwili ilitulia. Alikuwa na furaha, furaha kabisa, na aliamini ni haki yake.

Babu Sha alichukua bakuli, akakaa, akatia mafuta ya pilipili, akaziinua tambi kwa vijiti. Akanusa. Akatafuna mara moja, akaacha. Kisha akasimama na bakuli lake, akarudi mpaka dirishani, na foleni ikampisha.

"Mjukuu wangu, hizi ni tambi au umenifulia shati?"

"Babu, kwani kuna nini?"

"Zina rangi ya manjano utadhani zinaumwa. Na ulimi wangu umekufa ganzi."

Mama Ha akaja na vijiti vyake. Akaonja. Akaligusa donge lililokuwa mezani, akakinusa kidole. Hakupaza sauti.

"Magadi," alisema.

Foleni ikaanza kunong'ona. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Aibu gani hii! Mzee Tie angefufuka angelia."

"Alie nani?" Babu Sha akamgeukia. "Wewe ulimjua Tie? Mimi ndiye niliyemjua. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni, nikitoka zamu naingia kwake. Naomba nywele, naletewa vipande! Kipupwe kizima amenilisha vipande. Sisi madereva tulikuwa tunatoka na vijiko nyumbani, kwa vijiti hazikamatiki. Tulikuwa tunaziita tambi za kijiko! Tunamcheka, na yeye anacheka, na kesho yake anavuta tena mbele ya macho yetu." Akaliweka bakuli dirishani. "Alinilisha vipande. Magadi hakunilisha hata siku moja."

"Muongo!" Ayubu akapiga kelele.

Neno hilo halimfai mzee mwenye kofia ya sala, na kila mtu pale alilisikia. Ayubu mwenyewe alilisikia. Akavua aproni, akaitupa juu ya unga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Njiani alikuwa karibu akimbie. Hakumkasirikia Babu Sha, alimkasirikia marehemu. Kwa nini hakuniambia? Ananiacha watu wananipigia makofi, na yeye anajua alivyokatakata mbele ya madereva wa treni! Mzee Tie hakuwa mtu wa kujieleza, ni kweli. Lakini neno moja tu, akila, akivua viatu, angeshindwa kulitamka? Machozi yalimtoka barabarani na hakuyafuta.

Zulaiha alimkuta amepiga magoti nyuma ya mlango, anafunga zipu ya begi.

"Umeacha kazi."

"Wamenidhalilisha. Yule mzee amesema baba alikuwa hajui nywele. Eti walikuwa wanakula tambi zake kwa kijiko!"

"Kwa kijiko?" Zulaiha hakutaka kucheka. Alijishika tumbo, akang'ata mdomo, kicheko kikamtoka vile vile.

"Unacheka?"

"Namcheka baba mkwe, Mungu amrehemu. Na ule uso wake mkali! Sasa alijuaje mwishowe?"

"Nitajuaje mimi?"

"Basi hukuuliza?" Kicheko kikamwisha. Alimtazama mumewe, akalitazama begi. "Hukuuliza. Wewe ulishakuwa mlangoni." Akaenda kwenye kabati, upande wake uliojaa, akaanza kutoa nguo zake na kuziweka kwenye kitambaa. Hakumgombeza. Hilo lilimtia Ayubu hofu kuliko kugombezwa. "Leo nalala kwa shangazi karibu na kituo cha mabasi. Basi la Linxia linaondoka asubuhi. Ufunguo wangu nitamwachia Mama Ha kabla ya kupanda, maana wewe sijui utakuwa wapi."

Ayubu akabeba begi, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja mpaka yanaposimama mabasi ya Xining. Ersa alikuwa anafungua mgahawa, Ersa atamchukua. Utingo alikuwa anaita abiria, injini inanguruma, mguu mmoja wa Ayubu uko kwenye ngazi. Ndipo akawaza: Xining nako kuna watu. Na kati ya watu hao wapo wanaopenda nywele. Siku ya pili, au ya tano, atakuja mzee fulani na kofia yake, atamtazama usoni, atalisema lile neno. Na baada ya Xining je?

"Unapanda au unapima ngazi?" utingo akamuuliza.

"Nipishe nishuke," Ayubu akasema, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mgahawa ulikuwa umefungwa alipofika. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mama Ha alikuwa kwenye kigoda anamenya figili, hakuinua macho. Unga wa manjano ulikuwa umetupwa kwenye ndoo ya taka. Dada Bai alikuwa mezani kwake, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, mapande yamemzunguka.

Ayubu aliliweka begi chini.

"Dada Bai, hebu nione unavyofanya."

"Mimi? Mimi nakata tu, kaka yangu."

"Na mimi nakata," alisema. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Yalipotoka, alitazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyemzuia. Akakunja mikono ya shati.

Akavuta mbele yao, unga usio na hila. Uzi ukapita. Mkunjo wa mwisho ukakatika, mapande yakamwangukia viatuni. Masikio yalimwaka moto. Akasubiri kicheko, na kicheko kikaja, cha Dada Bai, kile kile alichojichekea mwenyewe kila siku.

"Wewe! Mbona zako zimekatika kwa heshima kuliko zangu?" Akainama kumsaidia kuokota. "Lakini nikuambie nilichoona? Mpaka uzi unavuta taratibu. Ukifika mwisho unafumba macho, unapokonya, utadhani unamnyang'anya mtu."

"Sifumbi macho."

"Unafumba," Mama Ha akasema kutoka kwenye figili zake.

Akavuta tena macho wazi, na zikakatika. Akakanda mapande, akayafunika kwa kitambaa unga ulale. Kazi ya kusubiri unga ulale ilikuwa mateso. Alizunguka meza, akaosha bakuli ambazo hazikuwa zake, akamwonyesha Dada Bai kiganja cha kushoto kinavyogeuka, maana Dada Bai alikuwa anamdai. Zikakatika tena, na tena. Mara moja zilivutika kupita nusu ya upana wa kifua kabla ya kukatika, na Ayubu akajisikia anasema, "Hee! Umeona zilipofika?" Akaona haya, lakini alikuwa ameshasema.

Jioni Mama Ha alisimama, akajinyoosha mgongo. "Kesho dirishani."

"Mama, si umeona mwenyewe? Nakata."

"Nimeona. Na mimi nimesema kesho dirishani. Magadi nitapima mimi." Akafika mlangoni, akageuka. "Na yule mzee utamwomba radhi."

Nyumbani alikuta chumba kitupu. Zulaiha alikuwa ameshakwenda kwa shangazi yake, na shangazi huyo Ayubu hakuujua hata mtaa anaokaa, kwa vile kila alipoitwa kumsalimu alikuwa na haraka. Alimwachia chupa ya chai. Ayubu akakaa chini kando ya kabati na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Asubuhi mvuke ulijaa, mlango ukafunguliwa. Babu Sha aliingia wa kwanza na koti lake, na habari ilikuwa imeshaenea, maana foleni nyuma yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Watu walikuja kuangalia.

"Nisamehe, Babu," Ayubu akasema. "Jana nilikuvunjia heshima."

"Nilitukanwa na mabosi wa reli, nitakufa kwa neno lako? Nywele."

Ayubu akakata donge. Akalivuta, akalikunja. Uzi ukapita. Alifungua macho mpaka yakamuuma, akafika mkunjo wa mwisho, akavuta taratibu, na tambi zikaanza kutanda, zikatanda, kisha katikati zikaachia. Mapande yakaanguka mezani. Foleni ikaangua kicheko. Miguu ikamwambia twende, mlango wa nyuma si uko wazi? Aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili yenye unga.

Babu Sha akaegemea dirisha. "Sasa tuelezane, Tie mdogo. Nywele unaweza au huwezi?"

"Bado, Babu."

Akayakusanya mapande yote, akayatia kwenye maji yanayochemka. Akayapakua, akamimina supu, akatia nyama, figili na kotimiri. Kisha akafungua droo ambamo Mama Ha aliweka vijiko vya watoto, akachagua kimoja, akakichomeka kwenye bakuli na kulisukuma dirishani.

Babu Sha alikitazama kile kijiko. Akaonja pale pale, amesimama.

"Unga safi," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Na kesho?"

"Kesho uje nacho toka nyumbani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaondoka na bakuli lake. Ayubu akapangusa meza kwa haraka, akakata donge lingine, akauliza bila kuinua kichwa, "Anayefuata?"

Akainua macho. Zulaiha alikuwa amesimama dirishani, furushi la nguo mkono mmoja, ufunguo wa nyumba mkono wa pili, uso umelowa kwa mvuke au kwa kitu kingine. Alikuwa kwenye foleni muda wote ule. Basi la Linxia lilikuwa linapiga honi kituoni, na wote wawili walilisikia.

"Wewe... unataka nini?" Ayubu akamuuliza.

Zulaiha akautia ufunguo mfukoni. Akaliweka furushi chini, kati ya miguu yake iliyovimba.

"Nywele," akasema. "Na mimi nipe kijiko."